Msimamizi

Karatasi ya Mahakama ya Mwanzo inasema msimamizi ni mimi.
Ina muhuri wa buluu uliogongwa kwa hasira,
ina majina yangu yote matatu, hata lile la babu
ambalo shuleni walikuwa wakilikosea: Nyanzala Mihambo Lubala.
Benki waliiona wakanipa kiti.
Baba mdogo aliisoma mara mbili,
akarudisha ufunguo wa pikipiki bila kunitazama.

Lakini kompyuta ya baba haijui muhuri.
Ipo Isevya, juu ya meza ya cherehani,
imefunikwa kitambaa alichofuma mama kuzuia vumbi.
Naiwasha, inawaka. Nagusa faili la MIZINGA,
nayo inanijibu kwa adabu ya karani:
*Huna ruhusa. Wasiliana na msimamizi.*

Nilicheka hadi mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.
Nikapunga karatasi mbele ya kioo:
msimamizi ndiye huyu!
Kioo kikaniangalia.

Fundi wa karibu na stendi alitaka elfu ishirini na tano
apige upya kila kitu.
Kila kitu, nikamuuliza, pamoja na vilivyomo?
Akainua mabega. Vilivyomo vinafutika, dada.
Nikaifunga kwa kanga, nikarudi nayo mapajani.

Usiku wa tatu ndipo nikaelewa.
Hakuna mwizi aliyeingia, hakuna mjomba aliyebadili nywila.
Ni baba mwenyewe, wiki ile ya mwisho,
macho yamefifia, anatafuta pa kukuza herufi,
kipanya kinatetemeka chini ya kiganja.
Akapotelea kwenye akaunti.
Akagusa *mtumiaji wa kawaida.*
Ikamuuliza una hakika, naye, mtu asiyependa kuulizwa mara mbili,
akabonyeza *ndiyo.*
Alijivua kofia akaitundika ndani ya chumba,
kisha akatoka na mlango ukajifunga.

Ngasa alinielekeza kwa simu kutoka Urambo,
mtandao ukikatika kila baada ya sentensi.
Shikilia Shifti, uiwashe upya. Usiachie.
Nimeshikilia.
Umeachia?
Sijaachia, Ngasa, kidole kinauma!

Ikaamka imevuliwa mapambo yote:
picha ya twiga imeondoka, sauti hakuna,
herufi nene kama za mtoto wa darasa la kwanza.
Kuna mwingine humo, akasema Ngasa.
Kila mashine ya namna hii huzaliwa na msimamizi aliyelala.
Hana picha, hana nywila,
yako hajawahi kuitwa. Mwite.

Dirisha jeusi. Mstari mmoja.
Nikakosea, ikasema hainielewi.
Nikakosea tena, nafasi moja tu niliisahau.
Mara ya tatu ikaandika kwamba amri imekamilika,
kwa kifupi kile kile
cha daktari aliyetoka wodini Kitete akavua miwani.

Yule aliyelala akaingia, mgeni kabisa,
hajui nyumba hii inanuka nta hadi kwenye mapazia.
Kwa mkono wake nikalitafuta jina la baba,
nikamrudishia cheo.
Kisha mgeni nikamlaza tena, nikahakikisha amelala.
Mlango usio na kitasa hauachwi wazi, hata Isevya.

Nikagusa MIZINGA.

Nilitegemea nini? Akiba, pengine.
Shamba ambalo hatukuambiwa.
Yalikuwa majina, na mbele ya kila jina ndoo,
na mbele ya kila ndoo neno *bado.*
Asali ya msimu mzima, imenunuliwa kwa maneno tu,
imeuzwa, imekuwa sindano na dripu na teksi za usiku.

Imekubali? mama akauliza kutoka jikoni.

Imekubali, mama.

Kashindye wa Ipole, ndoo nne, bado.
Masanilo, tisa, bado, hana haraka.
Mama Wande wa Sikonge, mbili na nusu,
bado, amefiwa,
aanze yeye.